Mafuta Gani Ndani ya Kizingiti? Nilivyochagua Kinga ya Kutu kwa Peugeot 404

Juni ya mwaka juzi, wiki mbili baada ya masika kukatika, fundi bodi anayenisaidia hapa Moshi aliinua kwa jeki Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba, akagonga kizingiti cha upande wa abiria, yaani ule mhimili wa bati unaopita chini ya milango, kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, kisha akatoboa tundu dogo kwa drili upande wa chini. Maji mekundu kama chai ya rangi yalitoka kwa muda mrefu hata akalazimika kwenda kutafuta kopo. Gari lilikuwa halijaguswa na mvua kwa siku tisa, na kwa nje kizingiti kile kilikuwa kimepakwa lami nyeusi, nene, isiyo na ufa hata mmoja. "Mangi," akaniambia, "hili gari limefungiwa maji ndani kama dumu."

Lami hiyo niliilipia mwenyewe miaka sita kabla, katika gereji moja ambayo sina haja ya kuitaja, nikiamini kwamba naliokoa gari. Kumbe mpuliziaji alikuwa ameyafunika hata matundu madogo ya kutolea maji ambayo kiwanda kiliyaacha makusudi kwenye ukingo wa chini wa kizingiti, na maji yaliyokuwa yakiingia kutoka juu kupitia mipira iliyochakaa ya vioo na milango hayakuwa tena na pa kutokea. Kukata bati lililooza na kuchomelea jipya kulichukua miezi mitano. Swali lililobaki baada ya hapo ndilo ninaloliandikia leo: ndani ya mvungu uliofungwa, yaani uwazi ulio katikati ya mabati ya bodi, ambamo mkono hauingii, brashi haifiki na jicho halioni, unaweka nini ili kutu isirudi?

Wazee wa Moshi na Arusha wanaiita Pijo, na wengi wao wanaikumbuka kwa mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Sifa hiyo ya ugumu ni ya haki, lakini ni sifa ya injini na springi, si ya bati. Gari hili, lililoanza kutengenezwa mwaka 1960, halina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi: vizingiti, mihimili ya mbele inayobeba injini, nguzo za milango na mihimili ya sakafu, yote hayo ni masanduku marefu ya bati jembamba lililokunjwa na kushikanishwa kwa weldi za nukta. Kizingiti kikioza, gari zima hulegea kiunoni, na milango ambayo jana ilifungika kwa kidole leo inadai kusukumwa kwa nyonga.

Kutu inahitaji maji na oksijeni, na chumvi huiongezea kasi. Gari letu liliishi Tanga kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa Moshi, kwa hiyo chumvi ya upepo wa bahari lilikwisha kuimeza. Lakini hata bila bahari na bila mvua, chuma chenye uchafu au chumvi juu yake huanza kuliwa hewa inapozidi unyevu wa takriban asilimia 60, na mvungu uliofungwa hukaa juu ya kiwango hicho muda mrefu zaidi kuliko hewa ya nje. Usiku bati hupoa, na alfajiri umande hutanda upande wa ndani ambako hakuna jua wala upepo wa kuukausha. Wakazi wa Marangu na Machame, na wale wa Arusha walio juu kuelekea Meru, wanajua asubuhi za Julai zinavyokuwa. Juu ya hayo tuna vumbi letu. Udongo wa volkano ni laini kama unga wa ngano, huingia kila mahali penye upenyo, na ukishalowa hushikilia maji kwa wiki nzima. Kutoka kwenye vizingiti viwili na mihimili ya mbele nilitoa udongo wa kujaza nusu sado, nikiuvuta kidogo kidogo kwa waya uliopinda na kifyonza vumbi.

Panapooza kwanza ni kwenye maungio, mahali ambapo mabati mawili yamelaliana na rangi ya kiwandani haikuwahi kupita katikati yao. Maji huvutwa mle na wembamba wenyewe wa nafasi, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na yakishaingia hayatoki kirahisi. Kutu inayozaliwa huko huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo huyasukuma mabati yaachane, na nafasi ikiongezeka maji nayo huongezeka. Nilipoelewa hilo, nilielewa pia kwamba swali langu la awali lilikuwa limekosewa. Nilikuwa nikiuliza ni kitu gani kigumu zaidi, kinachodumu zaidi, kinachofunika vizuri zaidi. Katika gari la zaidi ya miaka hamsini, lenye kutu tayari ndani ya maungio, kinachotakiwa ni kitu kinachopenya na kubaki laini, kiendelee kusogea kuifuata kutu hata baada ya mimi kuzima kompresa.

Ushauri wa kwanza ninaopewa kila ninapolizungumzia jambo hili ni oili chafu. Naheshimu wanaoutoa, kwa sababu si ushauri wa kipuuzi: oili chafu hupenya haraka, haina gharama, na mbao zetu za uzio zinaishi miaka kwa ajili yake. Ila oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi zilizozaliwa na mwako, imebeba maji na chembe za chuma, huharibu mipira ya vizibo na milango, na kwa ngozi ya binadamu inayoguswa nayo mara kwa mara ni sumu inayoweza kuleta saratani. Tena ni nyepesi mno kukaa juu ya bati lililosimama wima. Inayodondoka chini inaingia kwenye udongo, na udongo wa kwangu una migomba.

Lami nimekwisha kuisimulia. Naongeza tu kwamba hata ikipulizwa kwa uangalifu na matundu yakaachwa wazi, lami hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita, na maji yakipita kwenye ufa yanakuwa yamepata nyumba iliyoezekwa. Rangi ngumu zinazosifiwa kwa kung'ang'ania juu ya kutu nazo zina kasoro inayofanana kwa matumizi haya: juu ya mhimili ulio wazi, ambao umeusugua na kuukagua, ni nzuri sana, lakini ndani ya sanduku lililofungwa huwezi kusugua wala kuhakikisha, na mdomo wa ungio hufunikwa kwa juu huku ndani yake kutu ikiendelea. Dawa za kugeuza kutu, zile za asidi ya fosforiki au za tanini, nazitumia kwa furaha mahali ninapoweza kuona na kufuta. Ndani ya kizingiti siziweki. Nyingi ni za majimaji, na mabaki yake huwezi kuyasuuza.

Niliwahi pia kuonyeshwa kifaa cha umeme kinachofungwa kwenye betri na kudaiwa kuzuia kutu ya gari zima. Kinga ya umeme ipo kweli, na inafanya kazi kwenye meli na kwenye mabomba yaliyozikwa ardhini, kwa sababu huko chuma kimezungukwa na maji au udongo wenye unyevu unaokamilisha njia ya umeme. Gari limezungukwa na hewa. Sikukinunua.

Kuhusu vitu vya nyumbani, jirani yangu mfugaji nyuki alinishauri niyeyushe nta ya nyuki. Nta hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 63 za Selsiasi, na ikipoa inakuwa ngumu na kukatika katika asubuhi za baridi, kwa hiyo peke yake haifai. Mafuta ya wanyama ndiyo mabaya zaidi, kwani yakichacha huzaa asidi. Kuna mafuta moja tu ya mnyama yaliyonivutia, nayo ni lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo hung'ang'ania chuma na kufukuza maji kwa namna ya ajabu. Nilidhani kwa muda kwamba tungeweza kuyapata hapa hapa, maana kondoo hawapungui kati ya Longido na Monduli. Lakini kondoo wekundu wa Wamaasai wana nywele, hawana sufu ya kukamuliwa mafuta, kwa hiyo lanolini nayo ilibidi iagizwe.

Baada ya kuondoa hayo yote nilibakiwa na makundi matatu. La kwanza ni nta za mvungu zilizoyeyushwa kwenye kimiminika kinachovukiza, kama Waxoyl na Dynax S-50 za Uingereza au Dinitrol. Hupulizwa zikiwa nyepesi, kisha kimiminika huondoka na kuacha utando wa nta wenye viungo vya kuzuia kutu. La pili ni mafuta ya lanolini yasiyokauka, kama Fluid Film. La tatu ni mafuta mazito ya aina ya Mike Sanders ya Ujerumani, ambayo kwa joto la kawaida ni mgando, hupashwa hadi takriban nyuzi 120 yawe maji, hupulizwa yakiwa ya moto, huganda yakigusa bati baridi, na baadaye, siku ambayo jua linalipasha bati, hulegea na kuanza kutambaa kuelekea kwenye maungio.

Sikutaka kuchagua kwa maneno ya vibandiko. Nilichukua madigadi moja kuukuu yenye kutu ya kutosha, nikaikata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikavifunga viwili viwili kwa bolti viwe kama ungio la gari, na kila ungio nikalipaka kitu kimoja kwenye ukingo wa juu tu. Nilijaribu oili chafu, lami, mafuta ya mgando ya dukani tunayopaka watoto, nta ya mvungu, lanolini, na mafuta mazito ya kupasha moto, jozi mbili kwa kila kimoja. Katikati ya Januari niliyasimamisha wima juu ya paa la banda la kuku. Jozi moja ya kila aina niliifungua baada ya wiki mbili za jua, na nyingine niliiacha inyeshewe masika yote hadi mwisho wa Mei.

Baada ya wiki mbili oili chafu ilikuwa imefika mbali kuliko vyote, na kama ningekomea hapo ningerudi kwa washauri wangu kuwaomba radhi. Lami ilikuwa imekaa pale pale nilipoipaka. Mafuta ya mgando yalinifundisha jambo: yaliyeyuka kabisa siku za jua kali, sehemu ikaingia kwenye ungio na sehemu kubwa ikachuruzika hadi kwenye bati la paa. Nta ilikuwa imeingia upana wa ukucha, kisha ikasimama, nadhani kwa sababu kimiminika chake kilivukiza mapema katika joto lile. Lanolini ilikuwa imeenea ungio zima, ila kwa utando mwembamba. Mafuta mazito yalikuwa yameshuka hadi zaidi ya nusu, yakiwa yameacha tabaka nene nyuma yake.

Mwisho wa Mei mambo yalibadilika. Ndani ya jozi ya oili chafu kulikuwa na kutu mpya ya rangi ya machungwa, na bati lilikuwa kavu kana kwamba halikuwahi kuguswa. Chini ya lami, kutu ilikuwa imekula kuliko ilivyokula nje. Nta ilikuwa imelinda vizuri mahali pote ilipofika, na ilipoishia tu ndipo kutu ilipoanzia, kama mpaka uliochorwa. Lanolini ilishika, ingawa karibu na kingo mvua ilikuwa imeanza kuisafisha. Mafuta mazito yalikuwa yamefika chini kabisa, na kutu ya zamani ndani ya ungio ilikuwa nyeusi, imelowa mafuta, bila doa jipya. Sitaji chapa za nilivyopaka, kwa kuwa vipande viwili viwili juu ya banda la kuku havitoshi kuihukumu kampuni ya mtu; lakini vilinitosha mimi kuamua kuhusu gari langu.

Uamuzi wenyewe haukuwa wa kitu kimoja kwa gari zima, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaotafuta jina moja la kununua. Vizingiti, mihimili ya sakafu na sehemu za chini za nguzo, ambako kutu ya zamani imo na matundu ya kutolea maji yako chini, nilivipa mafuta mazito. Milango niliipa nta, kwa sababu bati la nje la mlango hupigwa na jua moja kwa moja hadi lisishikike, na mafuta mazito yangeendelea kuchuruzika kwenye nguo za abiria na kwenye mitambo ya vioo. Kwa maungio ya chini ya milango nililiweka kopo la nta katika ndoo ya maji ya moto kwanza, ikawa nyepesi na kupenya zaidi kuliko ilivyofanya kwenye jaribio. Mihimili ya mbele inayopita karibu na bomba la moshi nayo ilipata nta. Mafuta yanayoyeyuka hayafai kukaa juu ya chuma cha moto. Lanolini niliiweka mahali ninapoweza kufika kila mwaka bila kufungua kitu: bawaba, kingo za sakafu kwa chini, nyuma ya taa za mbele.

Mtu mwenye gari ambalo bodi yake imejengwa upya kwa bati safi, lenye praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kwenye maungio kabla ya kuchomelewa, anaweza kutosheka na nta peke yake, na kazi itakuwa safi zaidi. Akumbuke tu kwamba joto la kuchomelea huunguza praima upande wa ndani, kwa hiyo nta ipulizwe baada ya kuchomelea kote kwisha. Kinyume chake ni hatari: nta na mafuta haya hushika moto, na cheche moja nje ya kizingiti kilichokwisha kupulizwa inatosha kuwasha ndani yake. Mvuke wa vimiminika vya nta nao huwaka, hivyo kazi yote tuliifanya nje, kivulini, betri ikiwa imetolewa.

Kuhusu majira, vitabu vya wenzetu wa Ulaya huhimiza kusubiri kiangazi chao. Kwetu wakati ni Januari na Februari. Joto la Moshi wakati huo huyafanya mafuta yatambae kwa wiki kadhaa kabla masika hayajaingia, na bati huwa limekauka kwelikweli. Anayefanya kazi hii Arusha mwezi wa Julai, katika ile baridi ya mawingu, atayaona mafuta yameganda pale pale yalipotua, na pengine atafungia unyevu ndani kama nilivyofanyiwa mimi.

Kukausha ndiko kulikotuchosha. Baada ya kutoa udongo tulisuuza vizingiti kwa maji mengi hadi yakatoka meupe, tukazibua kila tundu kwa waya, kisha gari likakaa bandani wiki tatu, vizibo vyote vikiwa nje, na kila jioni nikisukumia hewa ya moto ndani kwa draya ya saluni niliyoazima kwa dada yangu. Nilipoingiza kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu na kuona vumbi kavu likiruka, ndipo tulipopasha mafuta. Mpira wa kupulizia una nozeli inayotawanya pande zote. Unausukuma hadi mwisho wa mvungu, unafungua hewa, unauvuta taratibu, halafu unarudia kutoka tundu la upande wa pili. Fundi alitaka kuuvuta haraka kwa sababu mafuta huganda ndani ya mpira usipokuwa wa moto, nami nilitaka polepole. Tuliafikiana kuuchovya mpira kwenye sufuria kila baada ya mvungu mmoja. Alama ya kwamba umepuliza vya kutosha ni mafuta kujitokeza yenyewe kwenye maungio na kudondoka matunduni. Kesho yake asubuhi tuliyazibua matundu yote tena.

Masika ya mwaka huu yalipokwisha nilirudisha kamera ndani. Vizingiti vyote viwili vilikuwa vikavu, na juu ya maungio kulikuwa na utando wa rangi ya asali uliotambaa sentimita tatu au nne kupita mahali nilipoukumbuka. Nyuma ya pembe ya kuwekea jeki, upande wa dereva, kuna kipande cha upana wa vidole viwili ambacho nozeli haikukifikia kwa sababu ya bati la kuimarisha lililosimama katikati, na bati hilo bado ni jekundu. Tutatoboa tundu la milimita nane juu yake Januari, tulitilie kizibo cha mpira, tupulize hapo peke yake.